Beseni la Nyaya la Bana Mapalo

Kwa muda mrefu sikumpenda Bana Mapalo, na sioni sababu ya kuficha. Alikuwa anampigia mume wangu simu kupita kiasi. Asubuhi, chai bado iko motoni, simu inalia, na adabu zote za Kibemba: "Ba Chisala, mukwai, samahani kidogo." Jumapili tumetoka kanisani, hata viatu hatujavua, simu inalia tena. Bana Mapalo ni mjane, ana sauti nzuri, na mume wangu ni mtu wa kucheka upesi. Mwanamke yeyote angepata hasira. Mimi nilipata ya kwangu na ya majirani.

Mimi naitwa Emilienne. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikawa navuka na makobo, samaki wetu wa ziwa, waliotiwa chumvi, kuja kuwauza hapa Kashikishi. Chisala aliniona sokoni, akanunua samaki ambao hakuwahitaji, akarudi kununua tena, mpaka mama yangu akaniambia huyu mtu hana njaa ya samaki. Sasa watoto wetu wanasema Kibemba kama maji, lakini changu kinachechemea mpaka leo, na mtaa mzima umezoea kunibadilishia Kiswahili nikitokea. Chisala ni fundi wa laini za umeme. Waya ukikatika, nguzo ikianguka, yeye ndiye anayepanda.

Bana Mapalo maana yake mama yake Mapalo. Jina la ubatizo ni Felistus, lakini ukiuliza nyumba ya Felistus huku nyuma ya kanisa, watu watakutazama tu. Kazi yake ni barafu na kugandisha samaki. Mumewe alikuwa mvuvi. Alipofariki, ndugu wakamshauri aolewe haraka au arudi kijijini, na yeye akauza nyavu na injini ya boti akanunua friza. Baadaye akaongeza ya pili. Wenye boti wanachukua barafu kwake, wachuuzi wanamwekea samaki mpaka gari la wanunuzi wa Mwansabombwe lije, na yeye mwenyewe ananunua wake kidogo kidogo na kuwagandisha. Nyumba yake inanuka samaki mpaka kwenye mapazia. Hajali.

Kisha ikaja miaka ile mvua zilipokataa, mabwawa yakashuka, na umeme ukawa mgeni. Unakuja saa ya kulala, unaondoka kabla hujaamka. Watu wa friza waliumia. Wenye uwezo walinunua jenereta, ambayo sisi wa ng'ambo tunaiita groupe, na Bana Mapalo akanunua yake. Aliiunga kama kila mtu alivyokuwa anaunga: waya wenye vichwa viwili, plagi huku na plagi huku. Kichwa kimoja unachomeka kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inapata umeme kwa kinyumenyume. Ni rahisi, na hakuna anayekufundisha ubaya wake.

Siku moja nilikuwa kwake nikichukua barafu, akaingia Fanwell, jirani anayeuza vinywaji baridi na samaki. Alikuwa na uso wa sherehe.

"Bana Mapalo, natotela sana, aksanti," alisema. "Courant yako imefika mupaka kwangu. Taa iko nawaka, friza iko nalia. Mungu akubariki."

"Courant gani, ba Fanwell? Miye sikukupatia kintu."

"Mutaa yote haina courant, ni yako tu njo inatutosha. Uko na roho muzuri."

Mtu mwingine angepokea sifa na kunyamaza. Hapa kwetu kusifiwa hakukataliwi. Bana Mapalo alitoka nje, akaangalia kama kuna waya uliovutwa kutoka kwake kwenda kwa Fanwell, hakuuona, akarudi ndani uso umebadilika. Akazima jenereta. Akampigia mume wangu simu. Nilikuwa nimesimama pale pale na barafu yangu inadondoka miguuni, na nikasema moyoni: haya, na namba ya mume wangu ameitoa wapi?

Chisala alikuja na baiskeli. Kiswahili chake amekipata kwangu, na maneno ya Kifaransa pia. Alitazama ule waya wa vichwa viwili, akakaa juu ya ndoo.

"Courant haijue mulango ya mutu," alisema. "Uliingiza mu nyumba yako, ikapita mu compteur, hii mita yako, ikapanda mu nguzo, ikaenda kwa bengine. Leo fyuzi ya kule mubele ilikatika, njo maana hizi nyumba kidogo zilibakia peke yake, na groupe yako ikaziweza. Sasa miye nakuja kutengeneza. Najua laini imekufa. Naishika."

"Na inakufanya nini?" aliuliza Bana Mapalo.

"Inaniua, mama."

Alicheka, kwa sababu Chisala anacheka hata kwenye mambo ya kaburi. Sisi hatukucheka. Akaeleza pia kwamba ile transfoma inayopunguza umeme ukija majumbani, ukiurudisha nyuma inauongeza, na fundi aliye mbali kabisa, ambaye hata hajui kama kuna mtu anaitwa Bana Mapalo, anaweza kuupata. Bana Mapalo alikuwa anajiwekea akiba ya friza ya tatu. Ile akiba ikaenda kwenye swichi ya kugeuza, ambayo Chisala alimtafutia fundi mwenye leseni wa kuifunga ukutani. Ina mkono mmoja. Ukiwa juu, nyumba inakula umeme wa laini. Ukiwa chini, inakula wa jenereta. Katikati, hakuna kitu. Haiwezekani mkono mmoja ukawa juu na chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ukisahau, ukiwa na haraka, ukiwa na hasira na mtu, jenereta na laini haziwezi kukutana.

Na simu zile? Baadaye Chisala alinieleza, baada ya mimi kuzungumza naye kwa sauti iliyosikika bandarini. Kila alipowasha jenereta, Bana Mapalo alimpigia kumwambia: mkono uko chini, nimeangalia. Kila alipoizima, alimpigia: mkono uko katikati. Hakuombwa. Mume wangu alimwambia si lazima, akaendelea. Nilisikia maelezo hayo na nikaamua kutoyaamini, maana nilikuwa nimeshaizoea hasira yangu.

Pamoja na swichi, Bana Mapalo akaongeza kitambaa. Wavuvi wetu wakitega wavu wanaweka boya na kipande cha kitenge juu ya kijiti, ili mwenye mtumbwi aone na kuzunguka. Bana Mapalo alifunga kipande chekundu juu ya fito kwenye uzio wake kila jenereta ilipokuwa inanguruma, ili mafundi wajue. Mtaa ukapenda. Baada ya muda mfupi kila mwenye jenereta alikuwa na kitambaa chake, wengine vya kanisa, wengine vya chama, Fanwell alikuwa na cha njano cha kung'aa. Lakini walichukua kitambaa, swichi wakaiacha. Kitambaa kila mtu anacho nyumbani.

Na hapo ndipo watu wa ziwa walipokosea kosa la watu wa ziwa. Kwenye maji, ukishaweka alama, umemaliza wajibu wako. Anayepita juu ya wavu wako na kuukata, kosa ni lake, na wazee wa bandari watamlipisha. Wakaileta sheria hiyo nchi kavu. Nimeweka kitambaa, fundi azunguke. Chisala alichoka kueleza.

"Filet, wavu yenu, haiwezi kuniua," alikuwa anawaambia. "Na kitambaa haikate courant. Mukate, alafu muweke kitambaa." Walimpa soda, wakamwita ba bwana, wakaendelea vilevile.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mchana, joto la kabla ya mvua, na dhoruba ilitoka ziwani bila kubisha hodi. Ilichukua mabati ya vibanda vya soko la samaki, ikavunja tawi la mti nyuma ya kanisa, na tawi likaangukia waya na kuukata. Nyumba zetu zilibaki zimening'inia peke yake kwenye kipande cha laini kilichotengana na transfoma. Mvua ilipopungua, Chisala na mwenzake walifika na ngazi.

Nilikuwa nimetoka kuangalia kama paa langu liko. Nikamwona Bana Mapalo anapita nyumba kwa nyumba na beseni kubwa la kuoshea samaki. Nilidhani anaomba kitu. Nilimfuata, si kwa wema, nilitaka kujua.

Alikuwa anaomba nyaya za vichwa viwili. Anasimama mlangoni, anasema: chomoa waya wako, utie humu. Mimi nina swichi, jenereta yangu haigusi laini. Leteni samaki wenu, mtaweka kwangu mpaka ba Chisala amalize. Watu walimtazama yeye, wakatazama friza zao zinazoanza kutoa jasho, wakatazama lile beseni.

"Na wako utaweka wapi?" mama mmoja alimuuliza.

"Wangu nitatoa nje."

Nilikwenda nikaona. Alikuwa amewatoa samaki wake kwenye friza ya kwanza, amewamwaga kwenye turubai uani, ili wa watu waingie. Samaki wa kugandishwa wakikaa uani na lile joto, mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Friza ya pili ilikuwa bado imejaa samaki wake, na gari la Mwansabombwe lilikuwa linakuja kesho yake. Samaki hao ndio waliokuwa ada ya shule ya Mapalo, unga na kila kitu.

"Weye uko na akili kweli?" nilimuuliza. "Juu ya nini unaharibisha samaki yako?"

"Bwana yako iko juu, Emilienne."

Alisema hivyo tu na kuendelea. Niligeuka. Ukisimama uani kwake unaiona nguzo ya nyuma ya kanisa, na juu ya nguzo ile alikuwepo mume wangu, mkanda kiunoni, mgongo wake umetugeukia. Nilimwona mdogo. Nimemwona juu ya nguzo mara nyingi, sijawahi kumwona mdogo namna ile.

Nyumba moja ilikuwa imebaki. Fanwell alikuwa bandarini dhoruba ilipokuja, mlango wake umefungwa, jenereta iko nyuma ya nyumba chini ya kibanda. Bana Mapalo akaweka beseni chini, akakaa juu ya kigogo kando ya ile jenereta. Nikamwambia samaki wako wanaoza, mimi nitabaki hapa. Alikataa. Alisema anayemtia hofu ni Fanwell.

Fanwell alikuja mbio, ameloa, ana hasira ya mtu aliyekimbia kutoka bandarini akifikiria friza yake. Hakutusalimia. Alifunga kile kitambaa chake cha njano kwenye fito, akaingia ndani, tukasikia plagi ikiingia ukutani, akatoka na kichwa kingine cha waya mkononi. Akavuta kamba ya kuwashia. Jenereta ikanguruma.

Mimi, niseme ukweli, niliganda. Nilitaka kuunyakua ule waya. Bana Mapalo hakuugusa waya kabisa. Alinyosha mkono kwenye swichi ya injini, akaizima. Kimya kikarudi.

"Mayo, mama, uko nafanya nini?" Fanwell aliuliza.

"Ba Chisala iko juu."

"Nimeweka kitambaa."

Akavuta kamba tena. Ikanguruma. Bana Mapalo akaizima tena. Fanwell ni mtu mrefu, na yule mama anafika kwapani mwake, na walisimama pale wawili wakivutana juu ya injini kama watoto wanaogombea kiti. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Mara ya tatu Fanwell hakuvuta kamba, alimsukuma begani amwondoe.

"Samaki yangu itaoza, mama. Uko nasikia? Nitakula nini?"

"Lete yote kwangu," alisema Bana Mapalo.

"Kwako kumejaa. Nimeona batu banabeba."

"Friza moja imebakia. Nitatoa yangu."

Fanwell aliondoa mkono begani mwake. Alijua ile friza ina nini, kwa sababu hapa kila mtu anajua friza ya mwenzake ina nini. Alimwangalia usoni kuona kama anatania. Kisha Bana Mapalo akamshika kiwiko, akamgeuza, kama unavyomgeuza mzee aelekee mlango, na Fanwell akaona nguzo. Kitambaa chake cha njano kilikuwa kinapepea upande wa barabara, kizuri kabisa. Chisala alikuwa upande wa pili, nyuma ya mabati ya kanisa. Hata angekuwa na macho ya tai asingekiona. Alikuwa amepima laini, ameikuta imekufa, ameshafunga waya wa kuupeleka umeme ardhini upande wa transfoma, na alikuwa anaugeukia upande wa kwetu. Ncha ya waya wa laini yetu ilikuwa mkononi mwake.

Fanwell aliingia ndani mwenyewe, akachomoa, akatoka na waya wote. Aliuweka kwenye beseni polepole, akavua kofia yake iliyoloa.

Tulibeba sote. Mimi ambaye kwa miaka nilikuwa namtazama yule mwanamke kwa jicho la pembeni, nilibeba samaki wake kuwatoa na wa Fanwell kuwaingiza, mikono imekufa ganzi kwa baridi, na kila nilipotoka uani nilitazama juu ya kanisa. Alipomaliza kupanga, Bana Mapalo aliwasha jenereta yake, akashusha mkono wa swichi, akauangalia, akauangalia tena. Kisha akaenda kukaa chini ya ile nguzo na beseni la nyaya mapajani, na mtu aliyetaka waya wake alijua pa kuufuata. Hakuna aliyeufuata.

Chisala alishuka bila kujua kitu. Alishangaa kuona watu wamejaa chini kana kwamba kuna harusi. Aliuliza kama kuna mtu ameumia, na mwenzake akampa maji, na Fanwell akamshika mkono na kusahau kuuachia. Umeme ulipowashwa, watoto walipiga kelele kama kawaida, na kila mtu akaja kuchukua samaki wake kwa Bana Mapalo. Walikuwa bado wagumu kama mawe.

Samaki wa Bana Mapalo walikuwa wamelainika. Kuwagandisha tena ni kuwadanganya wateja, na yeye hadanganyi. Alikuwa anawaangalia pale kwenye turubai, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona amechoka. Nikaenda nyumbani nikaleta kisu changu na mfuko wa chumvi. Barafu ndiyo kazi yake, lakini chumvi ni yangu, nimeijua tangu kwa mama yangu Kilwa, na makobo aliyepasuliwa na kutiwa chumvi vizuri anapata mnunuzi mpaka Lubumbashi. Nilikaa chini bila kukaribishwa, nikaanza kupasua.

"Emilienne, acha, uko na kazi yako."

"Njo kazi yangu hii," nilimwambia. Kisha nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena maisha yangu yote. "Aksanti. Juu ya bwana yangu. Na juu ya zile téléphone zote. Nilikuwa nakuchukia, ujue."

"Nilijua," alisema, akachukua kisu chake. "Ulikuwa unanisalimia kwa pua."

Tukacheka, na mimi nikalia pia, bila aibu. Fanwell alikuja na lampu na ndoo za maji, mkewe akaja, na waliokuwa wamechukua samaki wao wakarudi na visu. Hawakupona wote. Wengine tuliwachoma tukawala, wengine tukawatupa. Lakini wengi waliingia chumvini, na walipokauka niliwavusha mimi mwenyewe, nikarudi, nikampa Bana Mapalo kilichokuwa chake. Mapalo yuko shuleni. Wenye jenereta wa mstari wetu wamenunua swichi mmoja baada ya mwingine, Fanwell akiwa wa kwanza, na wasioweza bado wanapeleka samaki kwa Bana Mapalo na wanaacha nyaya zao kwenye beseni lile lile.

Jioni ya siku ile ya dhoruba Chisala alirudi nyumbani, Fanwell akiwa ameshamweleza njiani. Aliingia bila kucheka. Alikaa, akaomba chakula, nikamwekea bukari, ugali wetu wa ng'ambo, na samaki mmoja wa wale tuliowaponya kwa chumvi, kwa haraka, hata sikukumbuka kumwosha chumvi vizuri. Alikula kidogo akakunja uso. Akasema hii chumvi imezidi, kwani siku hizi nimesahau kupika, mama yake asingempa baba yake chakula kama hiki. Siku nyingine angejibiwa, na majirani wangesikia jibu. Nilimletea maji, nikakaa karibu yake mpaka mabega yetu yakagusana, nikamwacha alalamike mpaka amalize.